Kufunga ndoa Ujerumani: karatasi zipi, na uanze na ipi

Kila baada ya wiki chache napata ujumbe uleule, majina tu ndiyo yanayobadilika. "Dada shikamoo. Mchumba wangu ni Mjerumani, wazazi wameridhia, sasa nianze wapi?" Mwingine huwa ameshaanza: ana cheti kipya cha kuzaliwa, ana kiapo cha wakili, ana tafsiri aliyoilipia kwa mtu aliyeelekezwa na rafiki, na hakuna hata kimoja kilichopokelewa. Nimejibu kwa vipande mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja.

Mimi ni Mtanzania, niliolewa katika mji mdogo huku Ujerumani. Karatasi zilinichukua miezi kumi na moja, na minne kati ya hiyo ilipotea kwa sababu nilikusanya vitu sahihi kwa mpangilio mbovu. Huku karatasi zina umri. Ukiiwahisha moja, itakufa mkononi ukiisubiri nyingine. Ndiyo maana mwongozo huu unahangaika zaidi na mpangilio kuliko na orodha.

Jambo moja kwanza. Ndoa inayotambuliwa na sheria ya Ujerumani ni ya bomani peke yake, inayofungwa katika ofisi ya ndoa ya mji, wenyewe huiita Standesamt. Imekuwa hivyo nchi nzima tangu 1876. Nikahi msikitini au misa kanisani mnaweza kufanya, na ni vizuri kwa wazazi, ila mbele ya serikali bado mtahesabiwa wachumba. Ndoa hiyo haitakupa visa wala haki ya mirathi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Umri wa miaka 18 kamili, nyote wawili. Tangu 2017 hakuna mlango wa pembeni.
- Pasipoti isiyokaribia kuisha. Kama imebakiza mwaka mmoja, tengeneza mpya sasa, maana namba yake itaandikwa kwenye fomu kadhaa.
- Cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili.
- Ukweli wote kuhusu ndoa zilizopita, zako na za mwenzako. Zikiwemo zile ambazo nyumbani mnasema "haikuwa ndoa ile, tulifungishwa tu".
- Mwenzako awe na anwani iliyosajiliwa Ujerumani. Ofisi ya mji anaoishi ndiyo itakayoshika faili lenu.
- Akiba. Visa yenyewe ni euro 75, hiyo ndogo. Kinachokula hela ni tafsiri, mihuri, uhakiki na safari za kwenda na kurudi Dar es Salaam kwa wanaoishi mikoani.
- Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa. Anza leo, nitaeleza sababu.

Hatua kwa hatua

1. Mwenzako aende Standesamt akaombe orodha ya maandishi

Usikusanye chochote kabla ya hapo. Aende na nakala ya pasipoti yako, aseme wewe ni raia wa nchi gani, unaishi wapi, na kama umewahi kuoa au kuolewa. Watampa karatasi yenye orodha ya vitu vinavyotakiwa kwa kesi yenu. Orodha ya rafiki yako aliyeolewa Hamburg haikuhusu kama mchumba wako anaishi Bavaria. Hata miji miwili jirani inaweza kudai vitu tofauti, kwa sababu afisa wa ndoa ana nafasi kubwa ya kuamua kinachomridhisha.

Aulize maswali manne na aandike majibu: Cheti cha kuzaliwa kiwe kimetolewa lini? Hati za nyumbani zihalalishwe na ubalozi au zitafanyiwa uhakiki (tofauti yake iko hatua ya 5)? Tafsiri ifanywe na mtafsiri wa wapi? Na je, wataomba cheti cha nyumbani cha kutokuwa na kizuizi cha ndoa, au watapeleka faili mahakamani kuomba msamaha wa cheti hicho?

2. Linganisha majina herufi kwa herufi

Hapa ndipo wengi wetu tunapoangukia. Weka mezani pasipoti, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na cheti chochote cha ndoa au talaka. Soma kama afisa asiyekujua. Hamisi na Khamis kwako ni mtu mmoja, kwake ni wawili. Tarehe ya kuzaliwa iliyopishana siku moja ni watu wawili. Pasipoti ikisema Tanga na cheti kikisema Muheza, andaa maelezo.

Cheti changu kilikuwa na jina langu na la baba. Pasipoti ilikuwa na la babu pia. Afisa akauliza: huyu wa tatu ni nani? Nikamweleza kwamba kwetu si lazima mtu awe na jina la ukoo, mtoto huitwa jina lake, akafuata baba, akafuata babu. Alinisikiliza kwa adabu kabisa, kisha akaniambia nilete karatasi inayosema hivyo.

Kama kuna tofauti, irekebishe kwenye chanzo, yaani kwa msajili aliyetoa cheti au kwa Uhamiaji, kabla ya kuhalalisha kitu chochote. Hati ya kiapo ya wakili isindikize marekebisho, isijaribu kuchukua nafasi yake. Wajerumani hawana mazoea ya kuapa kwa wakili kila jambo kama sisi, na kiapo kitupu hukitazama kwa jicho la pembeni.

3. Chukua cheti cha kuzaliwa

Tanzania Bara ni RITA, wakala wa usajili, makao makuu Dar es Salaam au kupitia ofisi yao wilayani kwako. Zanzibar kuna wakala wake wa usajili wa matukio ya kijamii, usiende RITA. Kenya ni idara ya usajili wa raia, kupitia eCitizen.

Kama ulizaliwa 1991 na uzazi wako umesajiliwa mwaka huu, cheti ni halali, lakini tarehe ile ya usajili itazua maswali huku. Kusanya vya kukisindikiza: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba, chochote cha zamani chenye jina na tarehe. Usivipeleke bila kuombwa. Viwe tayari tu.

4. Cheti cha kutokuwa na kizuizi cha ndoa: kiombe mwishoni

Hiki ndicho kilichoniponza. Sheria ya kiraia ya Ujerumani, kifungu cha 1309, inamtaka mgeni alete cheti cha nchi yake kinachosema hakuna kizuizi cha yeye kufunga ndoa. Na inasema cheti hicho kinapoteza nguvu kama ndoa haikufungwa ndani ya miezi sita tangu kitolewe. Mimi nilikichukua cha kwanza kabisa, nikajiona mjanja. Kilipomaliza kuzunguka kwenye mihuri na tafsiri, kilikuwa kimebakiza wiki tatu.

Kwa Tanzania Bara ombi hili huenda kwa Msajili Mkuu, yaani RITA. Kenya huenda kwa Msajili wa Ndoa chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Hesabu kwa kurudi nyuma: andika tarehe mnayotaka ndoa, toa muda wa visa, toa muda wa mahakama kama faili lenu linapita huko, toa tafsiri na mihuri. Unapofika ndipo pa kuomba cheti. Kama hesabu inaonyesha miezi sita haitoshi, mwenzako amwambie afisa mapema. Afisa akiamua kwamba cheti chenu cha nyumbani hakimtoshi, ataenda njia ya hatua ya 8.

5. Mihuri

Hati ya Tanzania kwa kawaida hupita sehemu mbili: kwanza Wizara ya Mambo ya Nje ithibitishe saini na muhuri wa ofisi iliyotoa hati, kisha ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam uihalalishe. Pangilia hivyohivyo. Ubalozi hauangalii hati ambayo wizara haijaigusa. Peleka hati halisi. Nakala iliyogongwa muhuri wa wakili haitoshi.

Kwa ndugu zangu wa Kenya, Uganda na Congo, mambo ni tofauti, na msikubali mtu awauzie muhuri wa ubalozi. Kwa nchi hizo balozi za Ujerumani zimeacha kuhalalisha hati. Badala yake ofisi ya Ujerumani huutumia ubalozi faili, na ubalozi humtuma wakili wake kwenda kukagua daftari lenyewe, wakati mwingine hata kuuliza kijijini na shuleni. Gharama ni yenu, na muda ni wa miezi, si wiki. Waambieni wazazi na majirani kwamba mtu anaweza kuja kuuliza. Mama wa binti mmoja ninayemfahamu alidhani ni tapeli, akakana kwamba ana mtoto anayeolewa Ulaya.

6. Tafsiri

Baada ya mihuri, si kabla. Mihuri nayo hutafsiriwa, kwa hiyo ukitafsiri kwanza utalipa mara mbili. Ofisi nyingi hutaka mtafsiri aliyeapishwa na mahakama ya Ujerumani. Majina yao yamo kwenye orodha rasmi ya mahakama mtandaoni, na wa Kiswahili wapo. Usishangae ukiambiwa hata cheti cha Kiingereza kitafsiriwe. Mwambie mtafsiri aandike jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, na umwombe akutumie rasimu uisome kabla hajagonga muhuri.

7. Kuandikisha nia ya kufunga ndoa

Si lazima uwe Ujerumani. Kuna fomu ambayo wewe unaijaza na kuisaini nyumbani, ukimruhusu mwenzako aandikishe kwa niaba yenu wote. Mwenzako aichukue fomu hiyo Standesamt kwake, usipakue ya mji mwingine. Yeye naye ana karatasi zake: nakala ya daftari la kuzaliwa, hati ya makazi inayoonyesha hali yake ya ndoa, na hukumu ya talaka kama aliwahi kuachana. Wajerumani wengi hudhani mwenye kazi ya karatasi ni wewe tu, halafu faili linasimama kwa ajili ya hati yake ya makazi iliyochakaa. Mkumbushe bila kuona haya.

8. Mahakama

Ikiwa cheti cha nyumbani hakipatikani au hakikubaliki, Standesamt itapeleka faili kwa rais wa mahakama kuu ya eneo, Oberlandesgericht, kuomba msamaha wa cheti. Ninyi hamwendi huko, hakuna kesi wala kusimama mbele ya jaji. Wanachosoma ni hati tu. Watauliza mapato ya mwenzako ili kupanga ada. Msamaha nao una nguvu ya miezi sita. Wakiomba hati ya ziada, ipelekeni kupitia Standesamt, msiandikie mahakama moja kwa moja.

9. Visa ya kufunga ndoa

Standesamt ikisharidhika itatoa barua kwamba ndoa imeandikishwa na hakuna kizuizi. Kuanzia siku hiyo mna miezi sita ya kufunga ndoa. Barua hiyo ndiyo ufunguo wa visa: visa ya kitaifa, si ya Schengen ya matembezi. Utapeleka barua, pasipoti, cheti cha A1, bima ya afya ya safari na fomu, pamoja na vyovyote vitakavyokuwa kwenye orodha ya ubalozi.

Sasa unaona kwa nini nilisema uanze Kijerumani leo. Mtihani wa A1 una kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na wa Goethe unafaulu kwa alama 60 kati ya 100. Taasisi ya Goethe ipo Dar es Salaam na Nairobi. Anayeanza kusoma baada ya kupata barua huiona miezi sita ikiyeyuka kwenye viti vya darasa. Kama mwenzako ni raia wa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya anayeishi Ujerumani, sheria yenu ni nyingine na A1 huenda usiombwe, ulizeni.

Siku ya mahojiano mnaweza kuulizwa mlikutanaje, lini, nani anamjua nani. Wakati mwingine huulizwa wote wawili, wewe ubalozini na yeye kwake, kwa maswali yaleyale. Sema ukweli, hata kama ukweli ni kwamba mlikutana mtandaoni. Uongo mdogo wa heshima, kama "tulitambulishwa na shangazi", ndio unaoharibu.

10. Siku yenyewe

Kama Kijerumani chako ni cha A1 tu, afisa atataka mkalimani. Asiwe ndugu. Mashahidi si lazima tangu 1998. Mkitaka, wasizidi wawili, na waje na vitambulisho. Mtaulizwa mapema mtatumia jina gani. Fikiria vizuri: ukichukua jina la mume, pasipoti yako itabidi ibadilishwe kupitia ubalozi wa Tanzania Berlin, na mpaka ibadilike utakuwa na majina mawili. Mimi nilibaki na langu, baba akafurahi.

Ombeni cheti cha ndoa cha lugha nyingi pamoja na cha Kijerumani, nakala mbili tatu. Kisha jisajili makazi ndani ya wiki mbili na uende ofisi ya wageni kuomba kibali cha kukaa. Ndoa haikupi uraia, na haikuondolei wa Tanzania.

Kama uliwahi kuoa au kuolewa

Nimeiweka peke yake kwa sababu ina mambo mengi kuliko zote.

Talaka iliyotolewa nje ya Ujerumani haiingii yenyewe. Ni lazima itambuliwe kwanza na idara ya sheria ya jimbo, mara nyingi ni ileile mahakama kuu ya hatua ya 8. Isipokuwa kama wewe na mtalaka wako wote mlikuwa raia wa nchi ambayo mahakama yake ndiyo iliyowaachanisha. Hapo kwa kawaida hukumu inatosha. Watanzania wawili walioachana kwa hukumu ya mahakama Tanzania wana nafuu hiyo.

Angalia neno mahakama. Talaka ya maneno, au karatasi ya talaka kutoka kwa sheikh, haitoshi. Hata Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inataka talaka ipite mahakamani. Kama uliishia kwenye talaka ya mkononi, rudi nyumbani ukaikamilishe mahakamani kabla ya kuandika kwenye fomu kwamba umeachika. Na kama hukumu unayo, hakikisha inaonyesha kwamba haina rufaa inayosubiri.

Mjane alete cheti cha kifo pamoja na cha ndoa.

Kwa wanaume wenye mke mwingine nyumbani: Ujerumani haifungishi ndoa ya pili, na kujaribu ni kosa la jinai. Ndoa ya kimila au nikahi ya kijijini isiyo na cheti pia ni ndoa. Wakili wa ubalozi akifika kijijini akakuta watu wanamwita mtu fulani mke wako, hakuna maelezo yatakayosaidia.

Ikikwama

*Afisa hajibu.* Mwenzako apige simu asubuhi akiwa na namba ya faili. Barua pepe ndefu hazisaidii. Mfupishie: "Kuna hati gani bado inakosekana?"

*Cheti kimeisha muda njiani.* Chukua kipya, lakini kwanza uliza kama tafsiri ya zamani inaweza kutumika kwa kubadilisha tarehe tu. Baadhi ya watafsiri hutoza nusu kwa kazi hiyo.

*Visa imekataliwa.* Soma sababu iliyoandikwa. Ikiwa ni hati, irekebishe uombe tena. Ikiwa ni kutoaminiwa kwamba ndoa ni ya kweli, tafuta wakili wa uhamiaji Ujerumani, na mkusanye ushahidi wa safari, simu na picha za miaka.

*Tuje na visa ya matembezi tufunge haraka?* Ndoa inaweza kuwa halali, lakini kibali cha kukaa hakifuati. Kwa kawaida utaambiwa urudi nyumbani ukaombe visa inayostahili, na sasa ukiwa umeshaonekana kwamba uliomba ile kwa sababu isiyo ya kweli.

*Nimeambiwa Denmark ni rahisi.* Kweli ni rahisi zaidi. Tangu 2019 maombi ya wageni wote yanapitia ofisi moja ya kitaifa, mkikubaliwa mnapata cheti cha miezi minne, mnachagua mji, mnafunga. Ndoa hiyo Ujerumani inaitambua. Lakini nyote lazima muwe ndani ya Denmark kihalali siku hiyo, na kwa kibali cha kukaa Ujerumani mnarudi kwenye swali la visa hapo juu. Inawafaa zaidi wale ambao tayari wana kibali cha kukaa Ulaya, kwa mfano mwanafunzi.

*Tufungie nyumbani je?* Inawezekana, na kwa wengine ndiyo njia fupi. Hapo mzigo unamhamia Mjerumani: yeye ndiye anayeomba cheti cha kutokuwa na kizuizi kwa Standesamt yake, akija nacho Tanzania mnatangaza ndoa siku 21, kisha wewe unaomba visa ya kumfuata mume au mke. A1 haikwepeki. Na Standesamt, kabla ya kumpa yeye cheti, itauliza hati zako zote zilezile za hatua ya 3 hadi ya 6.